Mlango wa Kuingilia Nchi Tajiri

Wazazi wa Kitui na Makueni ambao mabinti zao wanajiandaa kwenda Saudia huniuliza swali moja: je, huko kuna maisha mazuri? Huniuliza kwa kuwa wanajua kazi yangu ni kusoma mikataba ya ajira ya ng'ambo, na mara nyingi huwa wameshauza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama. Msimamo wangu ni huu. Maisha mazuri yako Saudia, tena tele, ila hayagawiwi kila anayetua Riyadh. Yanagawiwa kulingana na kibali alichoingia nacho mtu: kama anaruhusiwa kubadilisha mwajiri, kama ana siku yake ya kupumzika, kama anaweza kuja na watoto wake, kama akiugua usiku anaweza kwenda hospitali bila kumwomba mtu ufunguo. Mzazi anayeuliza nchi ile ina utajiri kiasi gani atapata jibu sahihi, na bado hatajua lolote kuhusu maisha yanayomngoja bintiye.

Chukua kipimo cha maendeleo ya binadamu kinachotolewa na Umoja wa Mataifa. Saudia imo katika kundi la juu kabisa, kwa alama zinazozidi 0.87, huku Kenya ikizunguka 0.6. Kipimo hicho huchanganya umri wa kuishi, miaka ya masomo na pato la wastani. Sasa mfikirie mwanamke wa Zombe, Kitui, aliyeajiriwa kufua, kupika na kulea watoto katika nyumba ya ghorofa mbili huko Dammam. Shuleni haendi. Wastani wa pato la nchi haumgusi, kwa sababu mshahara wake umeandikwa kwenye mkataba wa miaka miwili na hautapanda hata bei ya mafuta ikipanda maradufu. Hospitali ni nzuri, lakini haendi asipopelekwa. Sensa ya Saudia ya 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na kati yao milioni 13.4 hawakuwa raia. Miongoni mwa hao wageni yumo daktari Mmisri mwenye nyumba, gari na watoto shuleni, yumo mhandisi Mhindi aliyekuja na mkewe, na yumo mfanyakazi wa nyumbani asiyejua jina la mtaa anaoishi. Wote watatu wako katika nchi moja tajiri, wanahesabiwa katika wastani mmoja, na maisha yao hayafanani hata kidogo.

Mfumo unaowatenga unaitwa kafala. Mwajiri, yaani kafili, ndiye mdhamini wa ukaaji wa mfanyakazi, na kibali cha kuishi, ikama, kimefungwa kwa jina lake. Mfanyakazi akiondoka bila idhini anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kupoteza hadhi yake kisheria, hata kama alichokikimbia ni kipigo. Machi 2021 Saudia ilianzisha mageuzi yaliyowawezesha wafanyakazi wengi wa sekta binafsi kubadilisha mwajiri na kusafiri bila ruhusa ya kafili. Wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani na wachungaji waliachwa nje ya mageuzi hayo. Wana kanuni zao wenyewe, na ni haki niseme kwamba zimeboreshwa. Zile za 2013 zilidai mapumziko ya saa tisa tu kwa siku, kwa hiyo aliyefanyishwa kazi saa 15 hakuwa na sheria ya kushika. Zile zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na mapumziko ya siku moja kila wiki. Kwenye karatasi hiyo ni hatua kubwa. Shida ni kwamba mahali pa kazi ni sebule na jiko la mtu, na mkaguzi wa kazi hapiti humo kuhesabu saa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi, nami naliona ndilo kiini cha habari nzima. Kabla binti hajapanda ndege, familia ya Saudia imeshalipa ofisi ya kuajiri, kupitia jukwaa la serikali liitwalo Musaned, ada inayofikia takriban riali 10,000 kwa mfanyakazi anayetoka Kenya. Mshahara wa kawaida wa Mkenya huyo ni riali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Mwajiri basi ametoa karibu mshahara wa mwaka mzima kabla hajaoshewa kikombe kimoja, na kuanzia hapo hofu yake kuu ni kwamba aliyemlipia ataondoka. Hofu hiyo ndiyo inayofunga lango kwa kufuli, ndiyo inayoficha pasipoti ingawa kuishika ni marufuku huko kwao, ndiyo inayonyang'anya simu. Ofisi iliyomleta nayo hubeba dhamana kwa mwajiri katika siku 90 za mwanzo, kwa hiyo binti akipiga simu mwezi wa pili kulalamika, anayepokea simu hiyo ana hasara ya kuogopa. Ndiyo sababu jibu analopewa huwa ni "vumilia". Wapo waajiri wema, na si wachache. Nimeongea na wanawake waliokaa nyumba moja mikataba miwili, wakaagwa kwa machozi na zawadi, wakarudi na pesa yao kamili. Lakini wema huo haukutoka kwenye mkataba. Mwenzao aliyepelekwa nyumba ya pili yake, kwa mkataba ule ule na sahihi zile zile, angeweza kukosa vyote.

Tufanye hesabu ambayo wakala haifanyi mbele ya mzazi. Riali imefungwa kwa dola tangu 1986 kwa kiwango cha riali 3.75, kwa hiyo riali 900 ni dola 240, yaani kama shilingi 31,000 kwa bei ya dola ya tangu katikati ya 2024. Ripoti ya Amnesty International ya Mei 2025, iliyowahoji wanawake zaidi ya 70 wa Kenya waliofanya kazi Saudia, ilikuta wengi wakifanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku, wengi bila siku ya mapumziko. Saa 16 kwa siku 30 ni saa 480. Gawanya shilingi 31,000 kwa saa hizo, unapata shilingi 65 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, tangu Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukikigawa kwa wiki ya kazi ya saa 52 inayotambuliwa na sheria yetu, unapata kama shilingi 72 kwa saa. Saa moja ya Riyadh, katika nchi inayouza mafuta dunia nzima, inalipwa chini ya saa moja ya Nairobi iliyo halali.

Sisemi Nairobi ni bora. Wasichana wetu wengi walioko Eastleigh na Pipeline hawajawahi kuona kima hicho cha chini, na aliyeko Riyadh halipi kodi ya nyumba wala chakula, kwa hiyo anaweza kuweka akiba ambayo wa Nairobi hawezi. Nasema kwamba kinachoonekana kama mshahara mkubwa ni saa nyingi zilizounganishwa. Mzazi anaona donge la mwisho wa mwezi. Mwili wa binti ndio unaoona saa.

Wanakwenda hata hivyo, na sababu inajulikana kwa kila aliyeishi Mutomo au Kathonzweni. Kima cha chini nje ya miji ni kama shilingi 8,600 kwa mwezi, na hata hicho hulipwa na wachache. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Aliyepanda pojo alipoteza mbegu, akarudia, akapoteza tena. Mbuzi waliuzwa kwa bei ya kutupa kabla hawajafa. Mwanamke mwenye watoto wawili, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne akapata D ya juu, ana njia gani ya kupata shilingi 31,000 kwa mwezi bila kuondoka? Sijaiona. Anayemwita mwanamke huyo mwenye tamaa hajawahi kukagua ghala lake mwezi wa Septemba.

Wala kuondoka si jambo geni kwa Wakamba, ambao Kitui na Makueni ni kwao. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe za ndovu ilitoka Kitui hadi Mombasa, na mtu kama Kivoi Mwendwa, ambaye mmisionari Ludwig Krapf alikuwa mgeni wake mwaka 1849 alipouona mlima Kenya kutoka Kitui, alikuwa mfanyabiashara mkubwa mwenye wafuasi wengi. Wakamba waliweka vijiji huko Rabai na Kwale, na vizazi vyao viko huko hadi leo. Baadaye wakaenda jeshini, bandarini, kwenye reli. Safari za biashara zile zilikuwa za hatari, na Kivoi mwenyewe aliuawa safarini mwaka 1851. Lakini yeye ndiye aliyeamua aondoke lini, auze kwa nani na arudi lini. Mamlaka hayo matatu ndiyo aliyonyimwa binti anayeondoka leo, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama maisha ya ugenini yatafanana na matumaini au la.

Matumaini yenyewe hutengenezwa vipi? Jibu jepesi ni kwamba wakala hudanganya. Ni kweli hudanganya, lakini hiyo ni nusu ya habari. Wanauchumi John Gibson, David McKenzie na Steven Stillman walichunguza watu wa Tonga, visiwa vidogo vya Pasifiki, wanaoruhusiwa kuhamia New Zealand kwa bahati nasibu. Bahati nasibu ni nzuri kwa mtafiti kwa sababu waliopata na waliokosa hawakutofautiana kwa akili wala bidii. Watafiti walidhani wangekuta matumaini makubwa mno. Walikuta kinyume: waombaji, hasa wanaume, walitarajia mapato madogo kuliko yale waliyoyapata walipofika. Maelezo yao ni kwamba ndugu waliotangulia walikuwa wakipunguza habari za mishahara yao ili wasizidiwe na maombi ya pesa kutoka nyumbani.

Niliposoma hayo niliiona Ukambani. Mwanamke aliyeko Jeddah anapokea simu za karo, za matanga, za harambee ya kanisa, za mjomba anayetaka pikipiki. Anajifunza kusema mshahara umecheleweshwa. Wakati huo huo picha anayoiweka kwenye hali ya WhatsApp ni ya duka kubwa lenye vioo, siku ile moja aliyopelekwa kubeba mizigo ya mama mwenye nyumba. Wakala anaongeza, ndugu anapunguza, picha inapamba, na katika habari zote hizo hakuna anayetaja saa za kazi wala nani ameshika pasipoti. Aliyerudi na deni naye hunyamaza, kwa sababu kijiji kilimchangia nauli na sasa kinasubiri nyumba ya mawe. Kimya hicho cha aibu ndicho kinachoniumiza zaidi, maana huyo ndiye mtu pekee mwenye habari kamili.

Utafiti wa Tonga una funzo la pili ambalo halipendezi, nami sitalificha. Waliohamia New Zealand walipata ukaazi wa kudumu, waliruhusiwa kwenda na wake na watoto, na kipato chao kilipanda sana. Afya yao ya akili iliboreka. Hata hivyo walipoulizwa wana furaha kiasi gani, furaha ilikuwa imeshuka. Wale waliingia kwa mlango mzuri kuliko wote. Kwa hiyo sidai kwamba kibali kizuri huleta furaha. Nadai kwamba kibali kizuri humwachia mtu nafasi ya kuamua: abaki, ahame, alete mama yake, arudi nyumbani. Mtu asiye na nafasi hiyo hawezi hata kuisahihisha hesabu yake akigundua alikosea.

Maelezo yasiyotosha

Wanasiasa na wahubiri husema wasichana hawa "hawajui wanakokwenda". Wanajua. Hakuna msichana wa Mwingi mwenye simu ambaye hajaona video za wenzake wakilia wakiomba kurudishwa. Mwezi wa Novemba 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika kipindi cha miaka miwili. Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti vifo vya Wakenya wasiopungua 274 huko katika miaka mitano, wengi wao wanawake. Habari hizo zilisomwa redioni kwa Kikamba. Wanaposafiri, wanasafiri wakijua kuna kifo, kama vile anayepanda bodaboda usiku ajuavyo kuna ajali. Wasichokijua ni mambo madogo ambayo yangewasaidia: kwamba mwajiri asipolipa mishahara kwa miezi mitatu kuna njia ya kuhamishwa bila idhini yake, kwamba mkataba wa Musaned ndio unaotambuliwa na si karatasi waliyosaini Nairobi, kwamba kukimbia bila kwanza kuripoti ubalozini kunaweza kuwageuza watoro. Kampeni za kutisha zinarudia wanachokijua na kuacha wasichokijua.

Wengine hutaka safari hizi zipigwe marufuku. Tulishajaribu. Serikali ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati mwaka 2012, na Septemba 2014 ikafuta leseni za mawakala 930. Wanawake hawakuacha kusafiri. Walipitia Uganda na Tanzania, bila mkataba uliothibitishwa na bila jina lao kuwa kwenye daftari la ubalozi wowote, na walipofika hapakuwa na wakala wa Kenya wa kushtakiwa. Marufuku yaliondolewa baadaye, mfumo mpya wa usajili ukawekwa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na mafunzo ya kazi za nyumbani yakawa ya lazima. Marufuku humwondolea waziri lawama na kumwondolea msafiri ulinzi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu serikalini leo: pesa zinaingia, basi mambo ni mazuri. Benki Kuu ilirekodi zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya wa ughaibuni mwaka 2024, na Saudia ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa baada ya Marekani. Sizidharau pesa hizo. Zimejenga matangi ya maji huko Kyuso, zimelipa karo huko Kibwezi, zimemtibu susu, yaani nyanya, aliyekuwa amelala chini. Lakini takwimu ya pesa zilizotumwa hupima kilichoondoka kwa mfanyakazi, haipimi alichobakiwa nacho. Mwanamke asiyetoka nje hana pa kutumia mshahara wake, kwa hiyo atatuma karibu wote. Aliyeko Boston hulipa kodi ya nyumba, bima na gari, na hutuma sehemu ndogo. Ukisoma takwimu hiyo kama kipimo cha maisha, utamwona aliyefungiwa ndani kuwa ndiye aliyefanikiwa zaidi.

Na kuna wanaosema tatizo ni Waarabu, basi twende kwa Wazungu. Hili nalikataa kwa nguvu, kwa sababu linatuondoa kwenye sheria na kutupeleka kwenye rangi. Ndani ya Ghuba yenyewe milango inatofautiana. Qatar iliondoa kibali cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2020, ikaruhusu kubadilisha mwajiri bila idhini yake, na tangu Machi 2021 ina kima cha chini cha riali 1,000 za Qatar kinachowahusu hata wafanyakazi wa nyumbani. Utekelezaji una mashimo, lakini mtu ana sheria ya kushika. Aliyekwenda Uingereza kuhudumia wazee, viza yake ilifungwa kwa mwajiri mmoja aliyemdhamini, na akipoteza kazi aliweza kupewa siku 60 tu za kupata mwingine. Machi 2024 wahudumu hao walizuiwa kwenda na watoto au wenzi wao, na Julai 2025 njia ya kuwaajiri kutoka ng'ambo ikafungwa. Jirani yako aliyeshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani ana ukaazi wa kudumu tangu alipotua: akimchoka mwajiri leo, kesho yuko kwingine. Atafanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, bima ya afya itamtisha, baridi itamla, na watu wa nyumbani hawataamini kwamba amechoka. Lakini atasoma uuguzi jioni, na miaka ikipita atakuwa mtu mwingine kabisa. Tofauti yake na aliyeko Riyadh haikutokana na moyo wa mwajiri wake.

Kinachoweza kubadilishwa

Naanza na serikali kwa sababu ndiyo inayosaini. Ufilipino iliamua mwishoni mwa 2006 kwamba mfanyakazi wake wa nyumbani hatakwenda ng'ambo kwa mshahara chini ya dola 400, yaani riali 1,500. Waajiri walinung'unika, wengine wakatafuta kwingine, lakini kiwango kikasimama. Mfilipino na Mkenya wameweza kupiga deki nyumba zinazopakana, mmoja akalipwa riali 1,500 na mwingine 900, na tofauti yao ni kile serikali ya kila mmoja ilichokikataa mezani. Mpango wa serikali wa ajira za ng'ambo, Kazi Majuu, umetangazwa kwa kuhesabu nafasi za kazi. Ningependa Waziri wa Leba Alfred Mutua, ambaye ni mtu wa Ukambani na anazijua nyumba hizi, apimwe kwa mambo mengine: riali ngapi kwa mwezi, siku ya mapumziko inayoweza kuthibitishwa, simu isiyonyang'anywa, na maafisa wa leba wangapi huko Riyadh na Jeddah wenye gari na mamlaka ya kugonga lango. Tangu 2024 Saudia imeanza kulipisha mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani kupitia benki na pochi za kidijitali. Kenya ingeweza kudai kupata taarifa hizo, ili mshahara ukikosekana mwezi mmoja ubalozi ujue kabla mtu hajaamua kukimbia. Wakenya walioko huko wamempa anayekimbia jina la "kemboi", kwa heshima ya mwanariadha wetu. Jina hilo limeenea kwa sababu kukimbia ndiyo njia ya kujiuzulu waliyobakiwa nayo.

Mawakala nao. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye anapaswa kuridhika kwamba mfanyakazi ameuelewa na amekubali kwa hiari. Kifungu hicho kingekuwa ngao kama kingetekelezwa jinsi kilivyoandikwa. Inavyofanyika, mihuri hugongwa Nairobi kwa mafungu, na binti husaini siku ya safari. Nataka uthibitisho huo ufanywe katika miji ya Kitui na Wote, ana kwa ana, mkataba ukisomwa kwa Kikamba, mzazi akiwapo, wiki kadhaa kabla ya safari na kabla ya pesa yoyote kutoka. Na kwa kuwa gharama za kuajiri ni za mwajiri, anayemtoza binti ada avuliwe leseni na jina la kampuni libandikwe kwenye ofisi ya chifu. Najua kwa nini hilo ni gumu. Uchunguzi wa New York Times ulieleza kwamba baadhi ya kampuni hizi zinamilikiwa na wanasiasa au jamaa zao, na hata wabunge wetu wa maeneo haya wanapaswa kuulizwa hadharani, kwenye baraza, kama wana hisa humo.

Kaunti haziwezi kujitetea kwamba ajira ya ng'ambo ni jukumu la serikali kuu. Makueni ilipotaka watu wake watibiwe bila kufilisika, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wake kwa familia kulipa shilingi 500 kwa mwaka, haikungoja Nairobi. Kaunti za Kitui na Makueni, zenye watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2019, zinaweza kuwa na daftari la nani yuko wapi, ameajiriwa na nani, na nani nyumbani apigiwe simu. Leo binti akifa Riyadh, familia yake huko Mutitu huzunguka ofisi za Nairobi ikiwa na picha yake mkononi. Na vyuo vya ufundi vya kaunti viwaajiri waliorudi kuwa walimu. Mafunzo ya sasa humfundisha msafiri kutumia mashine ya kufulia na maneno machache ya Kiarabu. Aliyeishi huko miaka miwili angemfundisha jinsi ya kuhifadhi picha ya ikama kwenye simu ya dadake, jinsi ya kuandika tarehe za mishahara isiyolipwa, na ni wakati gani wa kupiga simu ubalozini. Malipo yake yangekuwa njia ya kumtoa kwenye aibu aliyorudi nayo, maana kijiji kingemwona anaingia darasani asubuhi.

Linabaki la familia, nalo ni letu sote. Kabla ya safari kaeni chini, kama mnavyokaa kupanga mahari au matanga, mkubaliane pesa ni za nani. Fungueni akaunti ya sacco kwa jina lake peke yake, sehemu ya kila mshahara iingie humo, na asiwepo kaka wala mume mwenye kadi. Nimeona wanawake wengi waliovumilia mkataba mzima wakakuta ng'ombe waliotumwa pesa kununuliwa hawapo na ploti imeandikwa jina la mtu mwingine. Hao walipoteza maisha mazuri hapa hapa Makueni, mikononi mwa watu waliowapenda. Amueni pia watoto watakaa na nani, kwa sababu susu wa miaka 70 hawezi kumlea mtoto wa miaka mitatu kwa M-Pesa peke yake. Na mumwambie, kwa maneno, kwamba akirudi mwezi wa nne mikono mitupu mlango uko wazi na hakuna atakayeulizia mchango. Mwanamke anayejua hilo ana kitu ambacho kafili hawezi kumnyang'anya wakati anapoamua kama atavumilia au atapiga simu.